Mmea wangu mrefu wa miiba umekuwa wa kahawia chini. Niongeze maji, niukate au niutupe?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mwaka jana nilinunua mmea mrefu wa miiba kwa wauza maua wa barabarani, Mikocheni. Una pembe tatu, vijani vidogo vidogo kwenye kingo, na ukichubuka unatoa maziwa. Muuzaji alisema ni kaktasi na haufi. Ulikuwa unanifika kifuani, sasa umenipita. Nimeuweka sebuleni pembeni ya TV, kwenye chungu cha plastiki chenye sahani yake. Naumwagilia kikombe kimoja kila asubuhi, na maji ya kuoshea mchele pia, maana nasikia ni mbolea. Tangu masika yaanze majani yanadondoka, juu umekuwa mwembamba na unainamia dirishani, na chini karibu na udongo pamekuwa pa kahawia. Mume wangu anasema unataka maji zaidi. Shemeji anasema niutoe juani. Jirani anasema niutupe kabisa kwa sababu maziwa yake yanapofusha, na nina watoto wawili, mkubwa ana miaka minne. Naupenda sana huu mmea. Nifanyeje?"

Dada yangu, kikombe cha kesho asubuhi usikimwage. Hilo ndilo la haraka, mengine tutayazungumza taratibu. Katika mashauri matatu uliyopewa hapo nyumbani, la shemeji lina ukweli nusu, la jirani lina ukweli zaidi ya nusu, na la mume wako, pamoja na nia yake njema, ndilo litakaloumaliza huo mmea.

Kwa maelezo yako huo ni Euphorbia trigona, na ukichungulia kwenye kingo utakuta miiba imekaa miwili miwili. Si kaktasi. Ni ndugu wa karibu wa mnyaa, ule wanaozungushia maboma kuanzia Dodoma hadi Usukumani, na ni ndugu wa mbali wa muhogo. Muuzaji simlaumu sana, barabarani kila chenye miiba huitwa kaktasi. Kwa upande wa kumwagilia, tofauti ya viwili hivyo ni ndogo. Kwa upande wa usalama wa watoto ni kubwa, na nitaifikia. Ila ile "haufi" nisingeisema mimi. Huu ni mmea unaovumilia kusahauliwa, na unakufa kwa kubembelezwa.

Sasa kabla hujaamua lolote, vaa glavu ukabonyeze pale pa kahawia kwa dole gumba. Kama ni pagumu, pakavu, pana ngozi ya mti, huo ni umri tu. Shina la mmea huu likirefuka hujivika gamba la kahawia kuanzia chini kupanda juu ili liweze kubeba uzito wake. Halina ugonjwa na halitarudi kuwa la kijani, wala hakuna cha kufanya. Lakini kama panabonyea, pana unyevunyevu, pananuka, na rangi inaelekea kwenye weusi, hapo pameoza. Ipo hali ya tatu ambayo wengi huikosa: nje shina ni gumu, lakini ukilitikisa kidogo mmea mzima unacheza kwenye udongo. Maana yake mizizi imeshaondoka na shina linajishikiza tu. Ukiwa na shaka, lalisha chungu, uutoe mmea, uitazame mizizi. Iliyo mizima ni migumu na ina rangi ya mchanga au nyeupe. Iliyooza ni myeusi, ukiivuta inachunika na kukuachia kauzi katikati.

Mimi siwezi kuubonyeza nikiwa huku. Lakini ukinijumlishia chungu cha plastiki, sahani inayoshika maji, kikombe cha kila siku na mvua za masika, nahofia utakuta panabonyea.

Hapa mume wako anastahili maelezo, si lawama, kwa sababu amesoma dalili ambayo kweli inadanganya. Majani kudondoka kwenye mmea kama mchicha ni kilio cha kiu. Kwenye huu, majani ni ziada. Shina lenyewe ni la kijani na ndilo linalofanya kazi kubwa ya kutengeneza chakula, kwa hiyo mmea ukibanwa na jambo lolote huanza kwa kuachia majani: ukikauka sana unayaachia, ukizama kwenye maji unayaachia, ukihamishwa ghafla unayaachia. Majani sakafuni yanakwambia kuna shida, hayakwambii shida gani. Kinachosema ukweli ni shina. Mmea wenye kiu hujikunja, kingo zake zinanyong'onyea na kusinyaa, ukiugusa unahisi haujajaa. Wenye maji mengi hubaki umenona juu huku unaoza chini, ndiyo maana mtu anaendelea kumwagilia hadi siku unapoanguka.

Na mizizi haiozi kwa sababu maji ni sumu. Inaoza kwa sababu inapumua. Katikati ya chembe za udongo kuna nafasi za hewa, na mizizi inavuta oksijeni humo. Udongo ukishiba maji mfululizo, hewa inatoka, mizizi inaanza kufa kwenye ncha, kisha vimelea vya ukungu vinavyopenda udongo mbichi vinaingia kupitia hapo na kupanda ndani ya shina. Mmea mwingine ungeyanywa hayo maji haraka na kuikausha hali. Huu hauna haraka. Mchana, wakati joto la Dar linawaka, unafunga vitundu vyake vya kupumulia. Unavifungua usiku, unavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi, kisha kukipambazuka unaitumia kutengeneza sukari milango ikiwa imefungwa. Ndiyo njia yake ya kubana maji. Tena sukari hiyo inategemea mwanga, na wewe umeuweka pembeni ya TV. Mwanga mdogo, kazi ndogo. Kazi ndogo, maji hayatumiki. Kikombe chako cha kila asubuhi ni pampu inayojaza tangi juu ya paa wakati ndani ya nyumba hakuna anayefungua bomba.

Kwa hiyo swali la "nimwagilie mara ngapi kwa wiki" halina jibu ambalo mtaalamu mkweli anaweza kukupa bila kujua mmea umekaa wapi. Uliopo kwenye baraza lenye jua la asubuhi unaweza kuhitaji maji kila baada ya siku saba hadi kumi wakati wa joto la Januari. Huohuo ukiuingiza sebuleni unaweza kukaa wiki tatu. Kipimo ni udongo: chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini ya chungu, kichomoe. Kikitoka na udongo umegandia au kina ubaridi, ondoka. Kikitoka kikavu, mwagilia kwa wingi hadi maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Vikombe vidogo vya kila siku ndivyo vibaya zaidi, vinaufanya udongo usikauke kamwe.

Maji ya mchele acha. Yana wanga, na wanga kwenye udongo usiokauka unalisha ukungu na vile vijidudu vyeusi vinavyorukaruka juu ya chungu. Majani ya chai vilevile, kama na hayo umeshaambiwa. Ukitaka kuulisha, samadi iliyooza vizuri na kukauka, kiasi cha kiganja kimoja ikichanganywa kwenye udongo wa juu mara moja kwa mwaka mmea ukiwa mzima, inatosha. Mgonjwa haulishwi.

Nikusahihishe na jingine ambalo hukuliuliza, lakini utaambiwa na kila muuza vyungu: kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yapite. Hazisaidii. Maji yakitoka kwenye udongo laini hayashuki kwa urahisi kwenye kokoto zenye nafasi kubwa. Yanatuama juu yake mpaka udongo ushibe kabisa. Matokeo yake umeusogeza unyevu karibu zaidi na mizizi. Kokoto ndogo ndogo zichanganye ndani ya udongo wenyewe, hapo ndipo zina kazi.

Tuje kwenye uamuzi. Ukikuta pagumu na mizizi ni mizima, una bahati. Toa sahani, acha maji mpaka kijiti kitoke kikavu, sogeza mmea kwenye mwanga. Utakuwa umebaki na tatizo la juu tu. Ile sehemu nyembamba inayoinamia dirishani imekua kwa kutafuta mwanga, na sehemu iliyokua nyembamba hainenepi baadaye. Hata ukiuhamisha leo, juu yake patakua pananona na kuwa pazito, na huo wembamba utabaki kuwa shingo ya kuvunjika. Napendekeza ukate hapo chini kidogo ya unapoanzia wembamba. Utachipua matawi pembeni, na utakuwa mfupi kwa muda.

Ukikuta panabonyea, usiusubiri. Kuoza kwa shina hakuponi kwa dawa ya kupaka, majivu, wala kwa kukausha udongo, maana kumeshaingia ndani. Unachookoa ni juu. Unakata juu ya palipooza, unatazama mkato: ukiona vidoa au duara la kahawia katikati, unakata tena juu zaidi, unafuta kisu kwa spiriti kila mara, mpaka upate mkato safi mweupe wenye kijani pembeni bila doa hata moja. Watu wanaonea huruma sentimita kumi na kupoteza mita nzima. Kipande kirefu chenye mkato safi kinaota mizizi mipya vizuri. Chenye doa kitaoza upya.

Majira yanakusaidia. Masika yakishakatika na kipupwe kikiingia, hewa inakauka kidogo, na hata usiku wa Julai Dar haina baridi ya kuudhuru mmea huu. Mkato unyunyizie maji ya baridi, maziwa yataacha kutiririka. Kisha simamisha kipande kivulini pasiponyesha, ukiegemeze ukutani kikiwa wima (ukikilaza kitaanza kujikunja kuelekea juu), mpaka mkato ukauke na kufanya ngozi. Kipande chembamba wiki moja kinatosha. Cha unene wa kifundo cha mkono kipe wiki mbili, hata tatu. Usiwe na haraka, kina akiba yake ya maji ndani.

Udongo wa kukipandia: sehemu moja udongo wa bustani, sehemu mbili mchanga mnene wa mtoni pamoja na kokoto ndogo. Mchanga wa ufukweni usitumie, una chumvi na ni laini mno. Chungu kiwe cha udongo wa kufinyanga au cha saruji, chenye tundu chini, kipana kidogo tu kuliko shina na mizizi itakayokuja. Chungu kikubwa kinashika maji ambayo hakuna wa kuyanywa, na cha plastiki ni chepesi, mmea huu ukirefuka unakipindua. Fukia sentimita tano hadi nane, funga kwenye vijiti viwili, usimwagilie kwa wiki ya kwanza. Baada ya hapo lowesha kidogo, uache pakauke. Mizizi mara nyingi inashika ndani ya wiki nne hadi nane. Ukikivuta taratibu kikagoma, kimekubali.

Sasa jirani yako. Yuko sahihi kwamba maziwa haya ni hatari, na hatari kubwa kabisa iko machoni. Kwenye ngozi yanawasha na yanaweza kutoa malengelenge. Osha kwa sabuni na maji mengi, na yakiwa yameshaganda, paka mafuta ya kupikia kwanza yalegee ndipo usugue na sabuni. Kwenye jicho ni jambo jingine. Yanaunguza kioo cha jicho, na maumivu na ukungu wa kuona mara nyingi huzidi saa kadhaa baadaye, wakati mtu ameshajiambia kwamba yamepita. Wengi waliotibiwa mapema huona tena vizuri. Walioachwa, au waliotiwa jichoni vitu vya kienyeji, wanaweza kubaki na kovu. Kwa hiyo: maji safi yanayotiririka, dakika 15 kwa uchache, nusu saa ni bora, usifikiche, usitie maziwa ya mama, asali, chai wala dawa ya macho iliyobaki kabatini, na siku hiyohiyo nenda kwa madaktari wa macho. Dar hapa Muhimbili wapo, CCBRT Msasani wapo. Chukua picha ya mmea kwenye simu uwaonyeshe. Mtoto akiweka kipande mdomoni, msukutue, mfute midomo, usimtapishe, mpeleke hospitali.

Ndiyo maana siku ya kukata watoto wasiwepo hapo kabisa. Vaa miwani inayofunika pembeni, ile ya mafundi inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, glavu, na nguo ya mikono mirefu. Usiguse uso mpaka umenawa. Mmea umekupita urefu na sehemu kubwa yake ni maji, kwa hiyo ni mzito kuliko unavyoonekana. Mtu mmoja aukamate kwa magazeti yaliyokunjwa nene au taulo chakavu, mwingine akate. Kama umeoza chini na unayumba, usiuguse peke yako, mwite mtunza bustani mwenye uzoefu aje na msumeno, na umwambie mapema kwamba una maziwa, maana si wote wanaujua. Vipande vilivyooza vifungwe kwenye mfuko na kutupwa, au vifukiwe. Usivichome, moshi wake unawasha macho ya mtaa mzima.

Je, ubaki nao? Nitakuambia ambavyo ningemwambia mdogo wangu. Mtoto wa miaka minne unaweza kumkanya akaelewa nusu ya siku. Mdogo wake hutaweza. Mmea wenye miiba, unaopinduka, na unaotoa maziwa ya namna hii haukai kwenye chumba ambacho watoto wanafukuzana. Kama una baraza lenye geti au kona ya uani wasikofika, uhamishie huko na uendelee kuufurahia. Kama huna, mpe mtu asiye na watoto wadogo mpaka wa kwako wakue, na pembeni ya TV weka mkonge pori (Sansevieria, si ule mkonge wa mashambani). Ile aina yenye majani ya mviringo kama fimbo yaliyosimama inarefuka vizuri, inavumilia giza la sebule kuliko huu, na ingawa nayo si ya kuliwa, haina maziwa ya kuunguza jicho.

Na shemeji? Juani ndiyo, ghafla hapana. Mmea uliokaa kivulini mwaka mzima ukiupeleka moja kwa moja kwenye jua la saa saba mchana unaungua, unapata mabaka meupe kisha ya kahawia ambayo hayatoki tena. Anza na jua la asubuhi, kwa muda wa saa moja au mbili tu kwa siku, uongeze ndani ya wiki mbili tatu. Baraza linalotazama mashariki ndilo zuri kuliko yote. Kwa madirisha mengine kumbuka kwamba Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri linahama: kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba liko upande wa kaskazini wa nyumba, na kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari liko upande wa kusini. Dirisha lililokuwa na mwanga mzuri Juni linaweza kuwa na kivuli Desemba, na wavu wa mbu na pazia navyo vinachukua sehemu yao.

Ukisoma maelekezo kwenye intaneti utakutana na ushauri wa kusimamisha maji kuanzia Novemba hadi Februari. Huo umeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani ambao miezi hiyo wana baridi. Kwako hiyo ni vuli na kiangazi, mmea uko kwenye nguvu zake. Wa kwetu unapunguziwa maji Juni hadi Agosti, na kama uko nje hauhitaji kumwagiliwa masika yote. Bora zaidi uwe chini ya paa mvua zikikaza. Na kama nyumbani mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, utaona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo, kila baada ya miezi michache umwagilie kwa hayo hadi yapite chini kwa wingi, yaisafishe chumvi.

Bonyeza hilo shina leo kukiwa bado na mwanga. Likiwa limelegea, tafuta wa kukusaidia kukata wiki hii hii, kwa sababu kila siku kuoza kunapanda juu na kipande utakachookoa kinapungua.